Namna ya kupiga hesabu ya umbali na muda wa safari ya ndege, kutoka kiwanja hadi kiwanja

Muulize mtu umbali wa kutoka Dar es Salaam hadi Dubai, naye atakujibu kwa saa: "Saa tano na nusu." Hajakosea, lakini jibu hilo halimsaidii sana anayepanga safari. Saa tano na nusu hizo zinaanza kuhesabiwa wapi? Je, ukitua ni saa ngapi huko? Kurudi ni muda uleule? Na anayekuja kukupokea atoke nyumbani saa ngapi?

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya msafiri, na zaidi kwa yule anayempangia mwenzake: kijana anayempeleka mama yake India kwa matibabu, shangazi wa Toronto anayemsubiri mpwa wake, mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou. Tiketi ikisomwa vibaya, wanaoumia ni wazee na watoto, maana ndio hukaa kwenye kiti cha kiwanja saa nane nzima wakimngoja mtu ambaye bado yuko kazini. Hesabu zenyewe ni nyepesi. Simu yenye kikokotoo inatosha.

Hatua ya 1: Tafuta kiwanja, jina la mji halitoshi

Kila kiwanja cha abiria kina herufi tatu zinazokitambulisha duniani kote. DAR ni Julius Nyerere, ZNZ ni Abeid Amani Karume, JRO ni Kilimanjaro, MWZ ni Mwanza, NBO ni Jomo Kenyatta, MBA ni Moi Mombasa, EBB ni Entebbe, KGL ni Kigali, MCT ni Muscat. Herufi hizo ndizo utakazoandika unapotafuta umbali, na ndizo za kuangalia kwanza kwenye tiketi.

Miji mingi ina kiwanja zaidi ya kimoja. Nairobi kuna Jomo Kenyatta na kuna Wilson (WIL), ambako ndege nyingi ndogo za kwenda Maasai Mara na pwani huondokea. Viwanja hivyo viwili vimeachana kilomita 12 na ushei kwa mstari wa hewa, ila kati yake kuna Nairobi yenyewe na foleni yake. Dubai kuna DXB na DWC. New York kuna JFK, LGA, na EWR ambao kwa kweli uko jimbo la New Jersey. London ndiyo yenye mtego mkubwa: ukitua Heathrow (LHR) halafu ndege yako ya pili ikawa inaondokea Gatwick (LGW), una safari ya barabara ya zaidi ya kilomita 60 ambayo hakuna aliyekuambia habari zake.

Majina nayo hufanana. San José ya Costa Rica ni SJO, San Jose ya California ni SJC. Mtu akiandika jina tu bila herufi, hesabu yote itakayofuata inaweza kuwa ya nchi nyingine.

Ukikutana na herufi nne, kama HTDA au HKJK, usishtuke. Hizo ni za marubani na waongoza ndege. HTDA ni Dar es Salaam ileile, na HKJK ni Jomo Kenyatta.

Hatua ya 2: Pima mstari wa hewa

Umbali wa ndege hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, wala haufuati barabara. Dar es Salaam hadi Mwanza kwa basi, kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwa mstari wa hewa ni kama 850.

Njia rahisi ya kuupata ni tovuti ya Great Circle Mapper: unaandika DAR-MWZ, inakuchorea mstari na kukupa namba. Google Maps kwenye kompyuta nayo inapima: bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kiwanja cha kwanza, chagua kupima umbali, kisha bofya kiwanja cha pili.

Lakini mimi napenda mtu ajue kuipata mwenyewe hata intaneti ikiwa imekatika, kwa sababu ukishajua namba inavyopatikana hutadanganywa na namba ya ajabu. Tufanye Dar es Salaam hadi Mwanza.

Kiwanja cha Dar kiko nyuzi 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Cha Mwanza kiko nyuzi 2.44 kusini na 32.93 mashariki. Toa kusini kwa kusini: 6.88 toa 2.44 ni 4.44. Toa mashariki kwa mashariki: 39.20 toa 32.93 ni 6.27. Uzi mmoja wa latitudo ni karibu kilomita 111, na sisi tulio jirani na ikweta uzi wa longitudo nao ni karibu hizohizo. Kwa hiyo Mwanza iko kilomita 493 kaskazini ya Dar, na kilomita 696 magharibi yake. Hapo umepata pembetatu mraba, ile ya Pythagoras tuliyofundishwa shuleni: zidisha 493 kwa yenyewe, zidisha 696 kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni kilomita 853. Ukipima kwa tovuti utapata tofauti ya kilomita chache tu.

Ukienda mbali na ikweta, nyuzi za longitudo hubanana, maana zote zinakwenda kukutana kwenye ncha za dunia. Chukua latitudo ya katikati ya safari yako, kisha punguza zile kilomita za mashariki–magharibi: kwenye nyuzi 10 zidisha kwa 0.98, nyuzi 20 kwa 0.94, nyuzi 30 kwa 0.87, nyuzi 40 kwa 0.77, nyuzi 50 kwa 0.64. Dubai iko nyuzi 25.25 kaskazini na 55.36 mashariki. Hapa kuna jambo la kuangalia: Dar iko kusini, Dubai iko kaskazini, kwa hiyo hutoi, unajumlisha. 6.88 na 25.25 ni 32.13, sawa na kilomita 3,566. Tofauti ya longitudo ni 16.16, mara 111, mara 0.98 (maana katikati ya njia ni kama nyuzi 9 kaskazini), ni karibu 1,758. Pythagoras tena: kilomita 3,976. Tovuti zitakupa karibu 3,970. Muscat nayo, ukiipima kutoka Dar, inakuja kwenye 3,970 hivyohivyo. Wengi hudhani Muscat ni karibu zaidi kwa sababu ya historia yetu nayo, lakini kwa ndege miji hiyo miwili imelingana.

Njia hii ya penseli inafaa hadi kilomita elfu chache. Ukitaka Nairobi hadi New York, tumia tovuti.

Kuna makosa mawili yanayojirudia sana. La kwanza ni alama ya kutoa. Kwenye programu za simu, kusini huandikwa kwa alama hiyo: Dar ni -6.88. Ukiisahau, programu itakupeleka kwenye milima ya Bale, Ethiopia, na umbali wako wa kwenda Dubai utapungua kwa zaidi ya kilomita 1,000. La pili ni maili. Kuna maili ya kawaida yenye kilomita 1.609, na kuna maili ya bahari yenye kilomita 1.852, ambayo ndiyo ya marubani. Dar hadi Dubai ni maili za bahari kama 2,145, au maili za kawaida karibu 2,470. Ukiona tovuti mbili zimetofautiana hivyo, zote mbili huenda ziko sahihi.

Na mstari unaochorwa usikutie shaka ukiuona umepinda. Nairobi hadi New York ni karibu kilomita 11,840, na katikati ya njia ni Morocco, jirani na Marrakech. Kwenye ramani ya ukutani, rula ingekupitisha kusini zaidi, baharini magharibi ya Mauritania. Chukua tufe la dunia la darasani, bana ncha moja ya uzi Nairobi na nyingine New York, uvute ukaze: utauona wenyewe unapanda kuelekea Morocco. Ramani ya ukutani ndiyo iliyopinda.

Hatua ya 3: Geuza kilomita kuwa saa

Ndege kubwa ya abiria ikishatulia angani hukimbia kati ya kilomita 850 na 900 hivi kwa saa. Usigawanye kwa 900. Kupanda hadi mita 10,000 au 11,000 na kushuka tena huchukua muda kwa kasi ndogo, na njia za angani hazinyooki kama mstari wako. Kanuni ninayoitumia ni hii: gawanya kilomita kwa 800, kisha ongeza nusu saa.

Ijaribu. Dar hadi Mwanza, 850 kwa 800, ni saa moja na dakika nne. Ongeza nusu saa, saa moja na dakika 34. Dar hadi Dubai ni saa tano kasoro dakika mbili. Ongeza nusu saa, unafika saa tano na dakika 28. Nairobi hadi London Heathrow, kilomita 6,840, inakuja saa tisa na dakika tatu. Linganisha na ratiba za mashirika utaona namba zinakaribiana sana.

Ile nusu saa ni ya ardhini. Muda ulioandikwa kwenye tiketi haupimwi tangu magurudumu yanapoacha lami. Unaanza ndege inaposogea kutoka ilipoegeshwa, na unakwisha inaposimama kwenye maegesho ya kiwanja cha pili. Katikati humo kuna kutembea taratibu hadi kwenye njia ya kurukia, kungoja zamu, na mwendo uleule tena baada ya kutua. Mashirika pia huongeza dakika kadhaa za akiba kwenye ratiba ili ndege isihesabiwe imechelewa kwa jambo dogo. Ndiyo maana rubani anaweza kutangaza "tutakuwa angani saa tano na dakika tano" wakati tiketi yako inasema saa tano na nusu, na wote wawili wakawa wakweli.

Angalia pia aina ya ndege. Kanuni ya 800 ni ya ndege za jeti, kama Airbus A220 au Boeing 787 za Air Tanzania. Ndege ya mapangaboi ni nyingine. ATR hukimbia kama kilomita 500 kwa saa, Dash 8-400 hupita 600, na Cessna Caravan, ile ndogo inayotua kwenye viwanja vya udongo mbugani, ni kama 300. Kwa ATR, Dar hadi Mwanza inakaribia saa mbili. Aina ya ndege huandikwa kwenye maelezo ya safari unapokata tiketi, kwa hiyo isome kabla hujalipa.

Safari fupi kabisa hazifuati kanuni yoyote. Dar hadi Unguja ni kilomita 73 tu, dakika 20 hivi. Hapo ndege haina haja ya kupanda juu sana. Ikishapaa, bahari ya mkondo iko chini yako, na mara wanaanza kushuka.

Hatua ya 4: Weka upepo na anga zilizofungwa

Juu kule, hasa kati ya nyuzi 30 na 60 kaskazini, kuna upepo wenye nguvu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayeelekea mashariki husukumwa, anayeelekea magharibi hupambana nao. London na New York zimeachana kilomita 5,540: kwenda New York ni kama saa nane, kurudi London ni kama saba. Februari 2020, dhoruba iliyoitwa Ciara iliusukuma upepo huo hadi ndege moja ya British Airways ikatoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56.

Safari ya Dar kwenda Dubai ni ya kusini–kaskazini zaidi, kwa hiyo kwenda na kurudi hakupishani sana. Kaskazi na kusi, zilizokuwa zikipeleka majahazi Muscat na kuyarudisha Unguja kwa msimu, ni pepo za chini. Kwa ndege iliyo kilomita 11 juu hazisemi kitu. Nairobi–New York ndiyo yenye tofauti: kwenda ni saa 15 hivi, kurudi karibu 14.

Kisha kuna anga ambazo haziruhusiwi au zinakwepwa. Mstari wa hewa wa Nairobi–London unapita Sudan Kusini, Sudan, Libya, bahari ya Mediterania, Italia na Ufaransa. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, anga ya Sudan ilifungwa, na ndege zilizozoea kukatiza hapo zikalazimika kuzunguka pembeni. Libya ilikuwa imeshakwepwa na wengi kabla ya hapo. Mstari wa Dar–Dubai nao unagusa Somalia na Yemen, na mashirika mengi huikwepa Yemen kwa kujitenga upande wa bahari na Oman. Mfano mkubwa kuliko yote ni wa Finnair: Helsinki hadi Tokyo ilikuwa saa tisa na nusu, na anga ya Urusi ilipofungiwa mashirika ya Ulaya Februari 2022, safari hiyohiyo ikawa kama saa 13, ndege ikipita hata juu ya Ncha ya Kaskazini. Kilomita za kwenye tovuti hazikubadilika hata moja.

Kwa hiyo, ukishapata jibu la Hatua ya 3, fungua Flightradar24, tovuti ya kufuatilia ndege, na utazame ndege ya jana ya njia yako ilipita wapi na ilitumia muda gani. Hiyo ni dakika mbili za kazi, na ina thamani kuliko kanuni yoyote niliyokupa hapa.

Hatua ya 5: Leta saa zote mbili kwenye saa moja

Tiketi huandika saa ya kuondoka kwa saa za pale unapoondoka, na saa ya kufika kwa saa za pale unapofika. Mfano mzuri uko hapahapa jirani. Nairobi hadi Kigali ni kilomita 757, kama saa moja na nusu. Rwanda iko nyuma ya Kenya kwa saa moja. Ukiondoka Nairobi 10:00, tiketi itasema umefika Kigali 10:30. Ukirudi 10:00, utafika 12:30. Asiyejua atadhani kwenda ni nusu saa na kurudi ni saa mbili na nusu.

Dawa yake: kabla ya kutoa, geuza saa ya kufika iwe saa ya nyumbani. Kwa aliye Tanzania, Kenya au Uganda, tofauti ni hizi. Rwanda, Burundi, Goma na Lubumbashi wako nyuma kwa saa moja. Kinshasa kwa saa mbili. Oman na Falme za Kiarabu wako mbele kwa saa moja mwaka mzima. Doha na Jeddah tuko sawa. India wako mbele kwa saa mbili na nusu, na hiyo nusu husahaulika. China wako mbele kwa saa tano.

Ulaya na Amerika Kaskazini hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka. London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi chao. Hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. New York na Toronto ziko nyuma kwa saa nane wakati wa baridi na saba wakati wa kiangazi, ila wao hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Ukisafiri mwezi wa tatu, wa kumi au mwanzoni mwa Novemba, angalia tarehe mara mbili.

Hatua ya 6: Soma saa ya tiketi kwa saa yetu

Hapa ndipo watu wetu wengi huachwa na ndege, na si kwa ujinga. Tiketi inahesabu siku kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza na linapozama.

Namba za 07:00 hadi 18:59, toa sita: 13:00 ni saa saba mchana, 16:45 ni saa kumi na moja kasorobo jioni. Namba za 19:00 hadi 23:59, toa kumi na nane: 23:20 ni saa tano na dakika 20 usiku. Namba za 00:00 hadi 06:59, ongeza sita: 02:40 ni saa nane na dakika 40 usiku, 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri.

Kubadilisha saa ni rahisi. Hatari iko kwenye tarehe. Tiketi ikisema Jumamosi 01:10, hiyo ni saa saba na dakika kumi usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Maana yake Ijumaa saa nne usiku uwe umeshafika kiwanjani na masanduku yako. Anayesema "nasafiri Jumamosi usiku" na kulala nyumbani Ijumaa, ataamka ndege imeshatua. Ajabu ni kwamba hesabu ya wazee wa pwani ilikuwa inamlinda mtu na kosa hili, kwa kuwa kwao siku huanza magharibi: usiku wa Jumamosi ni ule unaotangulia Jumamosi. Tatizo ni kwamba katika familia moja bibi atahesabu hivi na mjukuu atahesabu vile. Kwa hiyo unapomtumia mtu saa ya safari, usimwandikie neno moja. Mwandikie: "Ndege ni saa 01:10, yaani saa saba na dakika kumi, usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi tarehe 15. Tunatoka nyumbani Ijumaa saa mbili na nusu usiku."

Hatua ya 7: Safari ya kuunganisha

Tuchukue mfano wa Dar–Dubai–New York wakati wa baridi. Kuondoka Dar 16:45, kufika Dubai 23:20. Kuondoka Dubai 02:40 ya siku ya pili, kufika JFK 08:00.

Kipande cha kwanza: 23:20 ya Dubai ni 22:20 ya Dar, kwa hiyo ni saa tano na dakika 35. Kungoja Dubai: saa tatu na dakika 20. Kipande cha pili: 08:00 ya New York ni 17:00 ya Dubai, kwa hiyo ni saa 14 na dakika 20. Jumla saa 23 na dakika 15. Sasa hakiki kwa njia nyingine: 08:00 ya New York ni 16:00 ya Dar. Kutoka 16:45 leo hadi 16:00 kesho ni saa 23 na dakika 15. Majibu mawili yakilingana, hesabu iko sawa. Yasipolingana, kuna saa ya nchi umeikosea.

Tazama na kilomita. Dar hadi New York kwa mstari wa hewa ni karibu 12,440. Kupitia Dubai ni 3,970 na karibu 11,000, jumla zaidi kidogo ya 14,900. Umezungushwa kilomita 2,500, sawa na saa tatu za kuruka. Si sababu ya kukataa tiketi ikiwa bei ni nzuri, lakini unapolinganisha njia za Addis Ababa, Doha, Istanbul au Amsterdam, weka kilomita za jumla na saa za kungoja mezani pamoja na bei. Kwa mgonjwa au mzee, mimi ningelipa zaidi kidogo kupunguza saa za kukaa.

Kuhusu muda wa kuunganisha: saa moja inayotosha kwenye kompyuta haimtoshi mtu anayetembea kwa mkongojo. Kwa kiwanja kikubwa cha nje nashauri saa mbili na nusu hadi tatu, na kwa mzee omba kiti cha magurudumu unapokata tiketi, usingoje siku ya safari. Kama vipande viwili ni tiketi mbili tofauti ulizonunua kila moja peke yake, ongeza saa nyingine kadhaa, maana ukichelewa ya pili hakuna anayelazimika kukupandisha. Huenda ukahitaji na viza ya kutoka nje kuchukua mizigo na kuiingiza upya.

Wanaotumia dawa kwa saa, hasa insulini, wasifuate saa ya ukutani ya nchi wanayopita. Hesabu ya saa zilizopita uliyoifanya hapo juu ndiyo ya kumpelekea daktari kabla ya safari, apange dozi kwayo.

Hatua ya 8: Ongeza ardhi

Kwa safari za nje, fika kiwanjani saa tatu kabla. Kaunta nyingi hufungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka, nyingine mapema zaidi, na ikifungwa hata ukionekana unakimbia haifunguliwi. Kwa safari za ndani, saa moja na nusu hadi mbili. Dar, hakikisha unajua jengo: safari za nje ni jengo la tatu, lililoanza kazi 2019. Kutoka Posta hadi kiwanjani ni kama kilomita 12, umbali wa dakika 25 usiku, ila Ijumaa jioni Barabara ya Nyerere kupita Tazara inaweza kula saa nzima na zaidi.

Ukifika, ongeza uhamiaji na mizigo: saa moja hadi moja na nusu kwenye viwanja vikubwa vya nje.

Ardhi hii ikijumlishwa, safari fupi hubadilika sura. Ndege ya Dar–Unguja ni dakika 20, boti ya kasi ni kama saa mbili. Lakini kwa anayekaa Kariakoo, kuipeleka begi kiwanjani, kungoja, kuruka, kisha kurudi mjini Unguja kutoka kiwanja cha Kisauni, mara nyingi kunamfikisha Darajani muda uleule na aliyeshuka bandari ya Malindi kwa boti. Kwa Mwanza hakuna mashindano: hata ukiweka saa tatu za ardhini huku na moja kule, jioni unakula sato ufukweni, wakati basi lililoondoka nawe asubuhi bado liko njiani.

Siku yenyewe ya safari, mpe anayekupokea namba ya ndege, ile yenye herufi mbili na tarakimu, sio saa ya kufika peke yake. Kwa namba hiyo ataifuatilia kwenye simu. Ikishaonekana imetua, aliye jirani na kiwanja ndipo atoke nyumbani. Aliye mbali atoke ikiwa imebakiza nusu saa angani. Bado atafika kabla sanduku halijatoka.